Taa Imezimwa, Mbona Bado Inamulika? Majibu kwa Wasomaji kuhusu Swichi, Balbu na Sensa Janja

Swichi za kuendeshwa kwa simu, balbu za waifai na sensa za mwendo zimeshaingia majumbani, na barua zinazotufikia zinaonyesha kwamba lawama nyingi huangukia kifaa wakati kosa liko kwenye waya, kwenye mtandao au kwenye umeme wenyewe. Jambo moja litajirudia katika majibu haya: kifaa janja hakilali. Hata taa ikiwa imezimwa, ndani yake kuna redio ndogo inayosubiri amri ya simu yako, na redio hiyo inakula umeme usiku na mchana. Ukishajua umeme huo unaingilia wapi na unatokea wapi, mengi utayagundua kabla hujafungua kifuniko.

Na kila tunaposema fungua, maana yake ni shusha kwanza sakiti breka ya njia hiyo, hakikisha kwa testa, kisha waambie watu wa nyumbani kwamba kuna mtu ameshika nyaya.

Habari za kazi. Nimetoa swichi tatu za kawaida nikaweka za kugusa zinazoendeshwa na simu. Sebuleni hakuna tatizo, lakini koridoni kuna balbu moja tu ya LED ya wati 5, na nikizima inabaki inamulika kama kimulimuli, mara nyingine inapepesa usiku kucha. Fundi ameshabadilisha swichi mara mbili, hali ni ileile. – Msomaji, Tanga

Swichi si mbovu, ndugu yetu, na nyingine ya aina hiyo nayo ingefanya vivyo hivyo. Ulichonunua ni aina isiyotumia nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Katika nyumba nyingi za kwetu nyutro huishia darini, kwenye silingirozi, kile kiungio ambapo taa inaning'inia. Kwenye boksi la swichi zinashuka nyaya mbili tu: laivu (waya unaoleta umeme) inayoshuka, na waya unaoirudisha juu kwenye taa. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga. Swichi janja inahitaji kula, na isipopewa nyutro inapata chakula chake kwa kupenyeza mkondo mdogo kupitia balbu yenyewe. Balbu za zamani za waya wa ndani hazikuuhisi mkondo huo. LED inauhisi: kapasita iliyo ndani ya balbu, kipuri kinachohifadhi umeme kidogo, inajaa pole pole, ikifikia kiwango inawaka kufumba na kufumbua, inaishiwa, inaanza kujaa tena. Ndiyo huko kupepesa kwako. Sebuleni huoni kitu kwa sababu balbu ni nyingi na mkondo ule unagawanyika.

Dawa ya bei ndogo ni kapasita, na swichi nyingi za aina hii huuzwa nayo ndani ya boksi. Watu huitupa pamoja na karatasi ya maelezo. Inafungwa kwenye taa, sambamba na balbu, mguu mmoja kwenye waya unaotoka swichi na mwingine kwenye nyutro. Usiifunge kwenye boksi la swichi, hapo haisaidii kitu. Ukienda kununua, taja kapasita ya daraja X2, volti 275 za AC, ya mikrofaradi 0.1. Kwa umeme wa volti 230 na hezi 50, hiyo inapitisha takriban miliampea 7, na kwa balbu ndogo mara nyingi inatosha. Balbu ikiendelea kumulika, panda hadi 0.22 au 0.47, usizidi hapo. Hiyo alama ya X2 ni ya lazima. Kapasita za kawaida za redio hazikutengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumba miaka mingi, na zikifa zinaweza kushika moto ndani ya dari lako. Kama swichi moja inawasha balbu tatu, kapasita moja kwenye holda moja inatosha.

Dawa ya kudumu ni kuvuta nyutro kutoka darini hadi kwenye boksi na kuweka swichi ya aina inayotumia nyutro. Kama bomba la ukutani lina nafasi, ni kazi ya saa moja. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza, kwa hiyo tusimame kidogo.

Nyumba za zamani zina rangi nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Mpya zina kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro. Lakini waya mweusi au wa bluu uliomo kwenye boksi la swichi mara nyingi si nyutro hata kidogo. Ni ule waya unaorudi kwenye taa, fundi alitumia tu waya aliokuwa nao. Multimita nayo itakudanganya: ukipima kati ya laivu na waya huo balbu ikiwa kwenye holda, inaweza kusoma karibu volti 230, kwa kuwa inaiona nyutro kupitia balbu. Chomoa balbu zote za swichi hiyo, kisha pima tena. Volti zikianguka, si nyutro. Zikibaki palepale, ni nyutro.

Pia usikope nyutro ya soketi iliyo jirani. Soketi zikiwa na breka yao ya kuzuia mvujo wa umeme, breka hiyo itaanguka kila ukiwasha taa, kwa sababu mkondo umetokea njia moja na kurudi kwa nyingine. Na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, usiitumie kamwe badala ya nyutro, hata kama taa itawaka vizuri. Siku waya wa ethi ukikatika huko chini, kila chuma kilichounganishwa nao, jokofu na pasi vikiwemo, kitageuka kuwa laivu.

Nina balbu janja nne za waifai. Umeme ukikatika na kurudi, ama zote zinawaka zenyewe saa nane za usiku na kuamsha watoto, ama mbili zinapepesa haraka haraka na simu inasema hazipo, hadi niziunganishe upya. Nimechoka. – Mama wa watoto watatu, Mwanza

Pole sana, mama. Ni matatizo mawili tofauti yaliyokuja siku moja.

La kwanza ni la mpangilio. Balbu hizi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuwaka kila zinapopata umeme. Fungua programu kwenye simu, ingia kwenye ukurasa wa balbu moja moja, tafuta mpangilio wa hali ya kifaa umeme unaporudi. Kwa kawaida kuna chaguo tatu: iwake, izime, au irudie hali ya mwisho. Chumbani kwa watoto chagua hali ya mwisho. Barazani acha iwake, ili siku simu imeishiwa chaji uweze kuipata taa kwa kuzima na kuwasha swichi ya ukutani. Ukizipanga zote zizime, swichi ya ukutani haitakuwa na kazi tena, na utajuta siku intaneti imekatika.

La pili linatokana na namna balbu zinavyoamrishwa kusahau mtandao. Balbu nyingi za waifai hurudi kwenye hali ya kuunganishwa upya ukiziwasha na kuzizima mara tatu mfululizo, nyingine mara tano. Sasa fikiria umeme unavyorudi mtaani: unakuja sekunde mbili, unakata, unakuja, unakata, ndipo unatulia. Balbu haina namna ya kujua kama ni wewe au ni laini. Imehesabu tatu, imetii amri. Zile mbili zinazosahau bila shaka ni zilizokuwa zimewashwa ukutani wakati huo.

Programu nyingine zina sehemu ya kuzima njia hiyo ya kusahau, ikiwepo, izime. Isipokuwepo, mwambie fundi aweke kinga ya volti kwenye boksi la breka, ile yenye namba nyekundu inayokaa kando ya breka. Iwekwe ikate chini ya volti 185 na juu ya 255, na ichelewe sekunde 120 kabla ya kurudisha umeme. Kusitasita kote kunaishia hapo, na jokofu lako litashukuru pia.

Ruta nayo iangalie. Balbu inaamka kwa sekunde chache, ruta inachukua dakika moja hadi tatu. Balbu za bei rahisi zikijaribu zikashindwa hukata tamaa. Betri ndogo ya ruta inaondoa pengo hilo. Soma kwanza adapta ya ruta yako: nyingi ni volti 12, ampea 1 hadi 2, lakini zipo za volti 9, na ukikosea unaiunguza. Usidanganyike na namba kubwa kwenye boksi la betri. Iliyoandikwa mAh 8,800 imehesabiwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ina wati-saa kama 32. Ruta inayokula wati 10 itakaa saa mbili na nusu hivi, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea betri inapopandisha volti. Kama intaneti yako ni ya faiba, kumbuka kile kiboksi cha ukutani cha faiba nacho kinahitaji umeme wake.

Nina taa ya LED ya wati 50 getini, na fotoseli juu yake. Stima ikiwepo, jioni inawaka kama dakika moja, inazima, inawaka tena, hivyo hadi asubuhi. Nimeambiwa ninunue fotoseli ya bei ghali. – Msomaji, Likoni, Mombasa

Usinunue bado. Fotoseli inaiona taa yake yenyewe. Giza linaingia, inawasha. Mwanga unarudi kutoka ukuta mweupe wa geti, inadhani kumekucha, inazima. Ile dakika moja ni ucheleweshaji wake wa kawaida, uliowekwa ili taa za gari linalopita zisiizime.

Hakikisha hivi: usiku ifunike yote kwa kitambaa kizito cheusi. Taa ikitulia, jibu umelipata. Ihamishe nyuma ya taa, nusu mita au zaidi, jicho lake likitazama anga na si ukuta wala taa ya barabarani. Kama haihamishiki, kata kipande cha bomba la plastiki la sentimita 5, paka rangi nyeusi ndani, livishe jicho kama kofia.

Fotoseli nyingi za nyaya tatu zina nyeusi ya kuingiza laivu, nyekundu ya kwenda kwenye taa na nyeupe ya nyutro, lakini fuata mchoro uliobandikwa kwenye yako. Na kwa kuwa uko karibu na bahari, acha waya ufanye tumbo kushuka chini kabla ya kupanda kuingia kwenye taa, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Jointi zikae kwenye boksi la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya mvua, siyo kufungwa utepe tu. Chumvi hula shaba chini ya utepe, na utaona unga wa kijani ukifungua.

Njia nyingine, kwa mtu wa Pwani, ni kuachana na jicho kabisa. Tuko karibu na ikweta, saa ya kuzama jua haihami hata saa nzima kwa mwaka. Swichi yenye saa ukiipanga iwashe saa kumi na mbili na robo jioni na kuzima kumi na mbili na robo asubuhi, itakuhudumia miezi yote.

Nyumba yetu ina ngazi, na taa yake inawashwa chini na juu. Niliweka swichi janja chini. Sasa inafanya kazi tu kama swichi ya juu imeachwa upande mmoja. Mtu akiibonyeza huko juu, ile ya chini inakufa kabisa hata kwenye simu haionekani. – Msomaji, Embakasi, Nairobi

Swichi za ngazi huwa na nyaya mbili za kusafiri kati ya chini na juu. Laivu inaingia COM (tundu la pamoja) ya swichi moja, inapitia ama L1 ama L2, yaani matundu ya nyaya za kusafiri, na inatoka COM ya swichi nyingine kwenda taa. Swichi yako janja ina njia moja tu ya kutokea, kwa hiyo umeunga msafiri mmoja na mwenzake umeachwa. Na kama inakufa hata kwenye simu, basi iko upande unaopokea laivu kutoka kwa ile ya juu: ikigeuzwa, chakula kimekatwa.

Rudisha swichi yako ya zamani mahali pake. Nunua moduli ndogo ya rilei (swichi inayojigeuza kwa amri ya umeme), ile inayotosha kwenye kiganja, yenye alama L, N, sehemu ya kutolea, na S1 na S2 za kuunga swichi za ukutani. Iweke darini kwenye taa, ambako laivu na nyutro ziko muda wote. L na N zipate umeme wa kudumu, sehemu ya kutolea iende kwenye balbu. Kisha waya uliokuwa unapeleka laivu COM ya juu uutoe kwenye laivu na kuuingiza S1, na ule unaorudi kutoka COM ya chini uuingize S2. Zile mbili za kusafiri usiziguse. Sasa swichi zako mbili hazibebi umeme wa taa. Zinapeleka taarifa tu kwa moduli.

Soma mchoro ulioko mgongoni mwa moduli kabla ya kuunga S1 na S2. Zipo zinazotaka laivu hapo na zipo zinazotaka mguso mkavu usio na umeme, na ukipeleka laivu kwenye mguso mkavu unaiua papo hapo. Ukimaliza, ukiona ni lazima ubonyeze mara mbili ndipo taa ibadilike, moduli imepangwa kwa swichi ya kubofya kama ya kengele. Kwenye programu ibadilishe iwe ya swichi ya kugeuza, ambapo kila badiliko ni amri. Ni mpangilio mmoja, na unawasumbua watu wiki nzima.

Assalaam alaykum. Sensa ya mwendo ya uani inaniona kutoka mita nane wakati wa baridi. Ikifika Juni na Julai hainioni mpaka niwe chini yake. Nimebadilisha mpya, vilevile. – Msomaji, Maskati

Wa alaykum salaam. Sensa ya kawaida ya mwendo haioni mwendo, inaona joto linalohama. Ndani ya kile kioo chenye vigawanyiko mna macho mawili, na kinachoiamsha ni joto la mwili wako kutoka jicho moja kwenda jingine, likilinganishwa na joto la ukuta ulio nyuma yako. Kiangazi cha Maskati ukuta uliopigwa na jua unakaribia joto la ngozi, au unalipita. Kwa sensa unakuwa umevaa rangi ya ukuta. Sensa ni nzima, na mpya ya aina ileile haitakusaidia.

Ihamishe itazame ukuta wa kivulini, urefu wa mita 2 hadi 2.5, na iwekwe ili watu wapite mbele yake kwa upande. Anayekuja moja kwa moja kuielekea huchelewa kuonekana hata kwenye baridi. Pandisha kitufe cha SENS hadi mwisho kwa miezi hiyo, na iweke mbali na kiyoyozi cha nje kinachopuliza hewa ya moto, la sivyo itawaka bila mtu. Isipotosha, chukua sensa ya rada ya gigahezi 5.8; hiyo haijali joto. Lakini inaona kupitia plastiki, kioo na ukuta mwembamba, na tawi la mti likitikisika linahesabika kuwa mgeni, kwa hiyo anza na kiwango cha chini kabisa. Kwenye uani wenye miti tungechagua sensa yenye vyote viwili, ingawa bei yake iko juu.

Wa Dar na Tanga mnaokumbana na hili mwezi wa Februari, jibu ni hilihili. Na kama sensa inawaka yenyewe usiku, panda uangalie mjusi kwenye kioo chake kabla ya kulaumu nyaya.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba chenye inveta. Tukiwa kwenye inveta, taa yenye dima inalia mbuu na swichi janja inapata moto. Umeme wa kawaida ukirudi hakuna tatizo. – Msomaji, Dodoma

Marahaba. Inveta yenu ni ya wimbi la ngazi, siyo wimbi laini. Dima hupunguza mwanga kwa kukata wimbi sehemu maalumu, na wimbi la ngazi linapanda kwa ghafla, kwa hiyo inakata vibaya na vipuri vinatikisika. Ndiyo sauti hiyo. Swichi za bei rahisi zinashusha volti kwa kapasita, na kapasita inapitisha mkondo mkubwa zaidi kila wimbi linaporuka ghafla. Joto hilo ni la hatari, litaiunguza. Mwambie mwenye nyumba atenge taa ya dima na swichi hiyo zisipite kwenye inveta, au abadilishe inveta iwe ya wimbi laini. Balbu za kawaida za LED zenye swichi za kawaida zinavumilia.

Niliweka swichi janja ya ampea 16 kwenye shawa ya umeme ili nipashe maji nikiwa kitandani. Baada ya miezi miwili inanukia plastiki na haizimi tena. – Msomaji, Moshi

Shusha breka yake leo, kabla hujamaliza kusoma. Shawa ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22. Ndani ya swichi, vidole vya rilei vimeyeyuka vikashikana, ndiyo maana unasikia tiki na shawa haizimi. Shawa inataka njia yake yenyewe kutoka boksi la breka: waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, kinga ya mvujo ya miliampea 30, na swichi kubwa ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja. Na shawa ya kupasha maji yakipita haina faida ya kuwashwa kutoka kitandani, kwani inapasha papo hapo. Anayetaka ujanja huo awe na tangi la maji moto, na hata hapo swichi janja iendeshe kontakta tu, ile rilei kubwa ya mizigo mizito; kontakta ndiyo ibebe mzigo.

Rilei kushikana hutokea hata kwenye taa. Balbu 12 za LED za wati 9 hazifiki ampea moja zikiwa zimewaka, lakini kwenye mwanzo wa kuwaka, kwa muda mfupi mno, kapasita zao zote zinajaa kwa mpigo mmoja na mkondo unaruka mara nyingi zaidi ya hapo. Angalia kiwango cha LED kilichoandikwa kwenye swichi. Huwa kidogo kuliko kile cha ampea kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

Naishi Mji Mkongwe. Sensa za milango za Zigbee zinapotea kila mara, hasa za vyumba vya nyuma. Betri ni mpya. – Msomaji, Zanzibar

Kuta za mawe ya matumbawe, nene kama urefu wa mkono, zinameza mawimbi haya. Hakuna mpangilio wa simu utakaozipunguza unene, kwa hiyo usihangaike kuvuka ukuta, pita mlangoni. Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa janja, hupokezana: kifaa chenye umeme wa ukutani kinabeba ujumbe wa jirani yake, lakini chenye betri hakibebi cha mtu. Weka soketi janja ya Zigbee moja kila chumba, mahali panapoonana na mlango, ukianzia karibu na habu (kile kiboksi kinachoongoza vifaa vyote) kwenda nyuma, kisha ziunganishe sensa upya zikiwa palepale zitakapokaa, ili zichague njia ya karibu.

Habu isikae juu ya ruta; ziachanishe mita moja au zaidi. Zote zinatumia gigahezi 2.4. Waifai ikiwa kwenye chaneli 1 au 6, Zigbee ipeleke chaneli 25, huko kuna utulivu. Ukibadilisha chaneli, baadhi ya sensa utalazimika kuziunganisha tena. Na uliza kama kuna anayezima balbu ya Zigbee kwa swichi ya ukutani. Balbu hiyo ikizimwa, sensa zote zilizokuwa zinapitia kwake zinapotea nayo.

Mama yangu ana miaka 78. Kila jioni anazima balbu janja kwa swichi ya ukutani, kama alivyozoea, nami nikiwa kazini siwezi kuiwasha. Nimebandika karatasi asiguse, naona anahuzunika. – Msomaji, Morogoro

Bandua karatasi hiyo, dada. Mama ana haki ya swichi yake, na nyumba ndiyo inayopaswa kumfuata. Toa balbu janja, weka balbu ya kawaida, na ujanja uhamie ukutani au darini: swichi janja yenye kibonyezo cha kweli kinachoinama, au moduli ndogo nyuma ya swichi yake ileile aliyoizoea. Ya kugusa usimwekee. Kioo kitupu gizani hakipapasiki, na vidole vikavu vya mtu mzima mara nyingi hakivisikii.

Kama unachagua moduli, pima kina cha boksi la ukutani kabla ya kununua. Mengi ya zamani yana milimita 16 au 25, na moduli nyuma ya swichi inataka kama 35. Boksi likiwa fupi, moduli iende darini, mama ataendelea na swichi yake bila kujua kimebadilika nini, nawe utaiwasha taa ukiwa kazini.